Mkuu wa Zamu Aliyekataa Mstari Mmoja

Ofisini kwetu bado wapo wanaosema mkuu wa zamu alikuwa mkaidi. Sibishani nao. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ndio uliombakiza mwenzetu Papa Furaha kazini, na ndio uliotufundisha sisi wengine tofauti kati ya kufanya kazi na kujipendekeza. Habari za utoto wake na ukoo wake nawaachia watu wa kwao. Mimi nilimjua kwa ile miaka tuliyokaa chumba kimoja, ghorofani juu ya duka la vitenge, Gisenyi mjini, ambapo ukifungua dirisha zinaingia honi za pikipiki pamoja na upepo wa ziwa.

Kazi yetu nitaieleza kwa kifupi, maana bila hiyo hutamwelewa. Kampuni ilikuwa inaangalia mashine za watu kwa mbali. Pampu za maji, jenereta za hoteli, vyumba vya baridi vya samaki na maziwa: tulifunga vipimo, vipimo vikatuma habari, nasi tukakaa mbele ya skrini kutazama kama kuna kitu kilichochemka, kilichozima au kilichofurika. Mambo yakiharibika, kengele inalia kwenye skrini na fundi anapigiwa simu. Mkuu wa zamu ndiye aliyepanga nani akae lini, na ndiye aliyeulizwa kama kuna jambo limepita bila kuonekana.

Kisha mkurugenzi akatuletea wakala wa akili mnemba. Tulimwita Wakala tu, kama jina la mtu. Unamwandikia swali kwa maneno ya kawaida, naye anachagua mwenyewe zana ya kutumia: moja ya kusoma joto, moja ya kuorodhesha kengele, moja ya kunyamazisha kengele, moja ya kumwita fundi. Sasa, Wakala haoni ndani ya zana. Anachokiona ni jina lake na maelezo tuliyoyaandika sisi. Maelezo yakiwa mabovu atatenda ubovu, na atautenda kwa adabu zote, bila kusita. Wateja wetu walikuwa wa pande zote mbili za mpaka, Gisenyi kwetu na Goma ng'ambo, na lugha iliyotukusanya sote ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo maelezo yakawa ya Kiswahili. Kuyaandika akapewa mkuu wa zamu. Mkurugenzi alidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Ilichukua msimu mzima wa mvua.

Alikuwa na tabia ya kusimama anaposoma alichoandika. Alisema ukisoma umekaa unajihurumia. Alisimama karibu na dirisha, miwani imeshuka puani, akasoma kwa sauti kama mtu anayesoma hukumu. Akimaliza alimgeukia yeyote aliye karibu na kumwambia ajifanye Wakala. Hujui Gisenyi, alikuwa akisema. Hujui ziwa wala hujui mimi ni nani. Umepewa maneno haya tu, na mteja anakuuliza kwa nini maji hayapandi. Utafanya nini?

Tulijifanya Wakala mpaka tukachoka. Mara nyingi tulikosea, na kila tulipokosea hakutulaumu. Alirudi mezani kufuta. Hilo lilikuwa la kwanza nililolishangaa kwake. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wote, ukisoma maagizo yao ukakosea, wewe ndiye mjinga. Yeye alisema, "Usimlaumu msomaji." Alilisema hilo kwa mafundi, kwa wateja, hata kwa mkurugenzi alipokuja kulalamika kwamba Wakala hana akili.

Maelezo tuliyoletewa pamoja na programu yalikuwa yameandikwa na watu wasiowahi kukaa zamu. Zana moja ilielezwa kwa maneno mawili: "Hushughulikia kengele." Mkuu wa zamu aliyatazama maneno hayo siku nzima kama mtu aliyetukanwa. Kushughulikia ni kufanya nini, aliuliza. Mtu akikushughulikia mgeni wako amempa chai au amemtimua? Tukaifungua zana, tukakuta inanyamazisha kengele, basi. Haimwiti fundi na haizimi mashine. Wakala, akiambiwa na mteja ashughulikie kengele, alikuwa akiizima sauti na kujibu kwamba imeshughulikiwa. Mkuu wa zamu akaibadilisha jina ikaitwa "nyamazisha kengele", na chini yake akaandika kwamba haitengenezi chochote, na kwamba kabla ya kuitumia lazima fundi awe ameshaitwa.

Alipenda kuandika zana haifanyi nini. Wengine wetu tuliona ni kupoteza nafasi. Yeye alisema jirani anayekwambia "sina" amekusaidia kuliko anayekwambia "nitaona".

Papa Furaha alikuwa mzee kidogo kuliko sisi wote, mtu aliyerudi kutoka Goma, mpole, mwenye sauti nzito, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile alichokulia. Siku moja mkuu wa zamu alimwomba aandike maelezo ya zana inayoangalia pampu. Papa Furaha akaandika kwamba zana inasema kama pompe iko.

"Iko vipi?" mkuu wa zamu akamuuliza.

"Iko, Chef. Kama iko, iko."

"Iko inafanya kazi, ama iko imekaa tu?"

Papa Furaha alifikiri. "Kwetu tukisema pompe iko, mutu anajua. Kama imekufa, atasema haiko muzuri."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mkuu wa zamu hakukicheka Kiswahili cha Papa Furaha hata mara moja, na nilimsikia akimkemea kijana wa mauzo aliyethubutu kucheka. Lakini hakulikubali neno. Mwishowe wakaandika vitu viwili mbalimbali: kama pampu imeunganishwa, na kama inasukuma maji. Papa Furaha akasema haya ni maneno mengi kwa jambo moja. Mkuu wa zamu akamjibu kwamba ni mambo mawili, ila sisi tumezoea kuyavalisha shati moja.

Nisije nikawachorea malaika. Mwanamke huyu aliyetaka kila neno lisimame wazi alikuwa akituma ujumbe wa simu usiomaanisha kitu. "Njoo," anaandika. Uende wapi, saa ngapi, ubebe nini, shauri yako. Mara ya kwanza aliponialika kwake, mtaa wa Nengo, alinielekeza nipite njia ile ya juu mpaka pale palipokuwa na mti. Palipokuwa. Mti ulishakatwa kabla mimi sijahamia mji huu. Nilizunguka na dereva wa pikipiki mpaka yule dereva akaanza kunihurumia. Nilipofika na kumweleza, alisema watu wote wa Nengo wanajua ulipokuwa mti.

Na kulikuwa na kisa cha saa. Aliandika maelezo ya zana inayoleta vipimo vya joto, akaeleza kwamba mteja akitaja saa, habari zianzie saa hiyo. Mteja wa hoteli akaandika anataka joto la jokofu tangu saa mbili. Wakala akamletea tangu saa nane za usiku, kwa sababu yeye alisoma saa mbili kama inavyosomeka kwenye uso wa saa ya kompyuta. Mteja alikasirika. Tukamwambia mkuu wa zamu, naye akawaka. Saa mbili ni saa mbili asubuhi, alisema, Gisenyi nzima inajua hivyo, mtoto wa shule anajua. Papa Furaha akakohoa, akasema polepole kwamba Wakala si mtu wa Gisenyi. Mkuu wa zamu alimtazama, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kuswali, na hakuzungumza naye mpaka jioni. Kesho yake tulikuta maelezo yamebadilishwa: Wakala amuulize mteja kwanza kama anahesabu saa za Kiswahili au za kompyuta, na jibu liandikwe kwa namna zote mbili. Hakusema kwamba alikosea. Hakumwomba Papa Furaha radhi. Nadhani kubadilisha maelezo ndiko kulikuwa kuomba radhi kwake, lakini Papa Furaha hakuwa Wakala, na angestahili kuambiwa kwa mdomo.

Mkurugenzi naye hakuwa mtu mbaya. Aliijenga kampuni kutoka mikono mitupu na alitujua sote kwa majina ya watoto wetu. Tatizo lake lilikuwa haraka. Alikuwa na wageni wanakuja kuona mfumo, watu wenye ofisi kubwa, na Wakala alikuwa mzito kujibu kwa sababu kila mara husoma maelezo yote kabla ya kuchagua zana. Fundi mmoja alimwambia maelezo yakifupishwa Wakala atachangamka. Mkurugenzi akaja chumbani kwetu, akasema, bon, haya, kila zana ipewe mstari mmoja, si zaidi.

Mkuu wa zamu alimwomba amwonyeshe ni neno lipi la ziada. Mkurugenzi akasema si suala la neno. Mkuu wa zamu akamwambia, basi kaa hapa, tuyasome pamoja, lisilo na kazi nitalifuta mbele yako. Mkurugenzi hakuwa na muda. Akasema anataka mstari mmoja mpaka kesho.

"Sifuti," alisema mkuu wa zamu. "Ukitaka, futa wewe. Mimi najua yamewekwa kwa nini."

Nilikuwa nimekaa kati yao na nilitamani kujificha chini ya meza. Kwetu huwezi kumjibu mkubwa hivyo mbele ya watu. Mkurugenzi alitabasamu kwa shida, akatoka. Yale maelezo aliyafupisha yeye mwenyewe na yule fundi, ofisini kwake, na wageni walipokuja Wakala alijibu haraka kweli, wakapiga makofi.

Zana ya kuorodhesha kengele ndiyo nitakayoikumbuka mpaka nife. Mkuu wa zamu alikuwa ameandika hivi: "Huorodhesha kengele zilizotumwa na vipimo vilivyo hewani. Kipimo kilichokatika hakitumi kengele, na orodha itakuwa tupu. Orodha tupu haimaanishi kwamba hali ni nzuri. Kabla ya kusema hali ni nzuri, hakikisha kwa zana nyingine kwamba kipimo kiko hewani." Baada ya kufupishwa ikabaki: "Huonyesha kengele zote za kituo."

Nyakiriba, kilimani nje ya mji, kuna ushirika wa wafugaji tuliokuwa tukiwaangalizia tangi la maziwa. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya umuganda. Watu walileta maziwa mapema, kisha wakaenda na majembe yao kwenye kazi hiyo ya pamoja. Kituoni hakubaki mtu, na gari la kuchukua maziwa lisingeweza kupita mpaka umuganda uishe, maana barabara hufungwa. Umeme ukakatika. Jenereta ikakataa kuwaka. Kifaa kinachotuma habari kilikuwa kwenye waya ule ule, kikazima pamoja na tangi.

Papa Furaha alikuwa zamu. Aliona mstari wa Nyakiriba kwenye skrini umesimama, na hakudharau. Akamwandikia Wakala akimuuliza kama kuna kengele yoyote Nyakiriba. Wakala akajibu kwamba hakuna kengele yoyote, hali ni shwari. Baada ya muda Papa Furaha akamuuliza tena, akajibiwa vile vile.

Gari lilipofika mchana, dereva alifungua tangi, akanusa, akalifunga. Maziwa ya watu wote yalimwagwa kwenye mfereji wa barabara, meupe, yakateremka kilima kizima huku wenyewe wakitazama, na matope ya umuganda bado miguuni.

Jumatatu mkurugenzi alituita. Alikuwa hajalala, ilionekana. Alisema atakwenda Nyakiriba kuomba radhi, kampuni itawafidia, na ataeleza kwamba mfanyakazi wa zamu hakuwa makini na ameachishwa kazi. Alilisema hilo akiwa anatazama meza. Papa Furaha alikaa na mikono yake mapajani. Alisema tu, "Mi niliuliza, Directeur. Niliuliza mara mbili," kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

"Aliuliza," akasema mkuu wa zamu. "Akajibiwa uongo. Na Wakala naye hakudanganya, alisoma alichopewa. Yule aliyefuta yuko hapa, na anajijua."

Mkurugenzi akamwambia achunge maneno yake. Mkuu wa zamu akasema hiyo ndiyo kazi yake, kuchunga maneno, na angeachwa aifanye maziwa yasingemwagika. Mkurugenzi akafunga mkutano. Alipotoka alisema Nyakiriba ataenda peke yake.

Alikosea. Siku ya mkutano wa Nyakiriba, mkuu wa zamu alinijia mezani, akaniambia niite pikipiki mbili. Sikumuuliza tunakwenda wapi. Tulipanda kilima kwa baridi ya asubuhi, kanga yake ikipepea mbele yangu, na njiani hakugeuka hata mara moja.

Tulikuta mkurugenzi ameshaanza kusema. Watu walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa ushirika, wake kwa waume, wengine wamesimama milangoni. Alikuwa anawaeleza kwa Kinyarwanda kizuri kwamba mitambo ilikuwa sawa, ila binadamu ni binadamu, na yule binadamu hayupo tena. Alipotuona sauti yake ilikwama kidogo, kisha ikaendelea. Mkuu wa zamu alisubiri amalize. Alimheshimu kiasi hicho. Kisha akainua mkono, mwenyekiti wa ushirika akampa nafasi, akaenda mbele.

Hakupiga kelele. Aliwaambia yeye ni nani na anafanya nini. Akawaeleza Wakala ni kitu gani, kama alivyotueleza sisi: msomaji asiyewahi kufika Nyakiriba, anayejua tu yale aliyoandikiwa. Akawasomea maelezo ya kwanza, akawasomea na yale yaliyobaki. Akawaambia mfanyakazi aliyekuwa zamu aliuliza, na kwamba ukimwuliza mtu kama kuna anayelia nyumbani, naye asikie kimya, anaweza kukwambia hakuna anayelia, hata kama waliomo wamezimia wote. Mkurugenzi alikuwa amekaa na mkono wake umefunika mdomo.

Bibi mmoja aliyefunga kitambaa cha njano akasimama. Aliuliza ni nani aliyeyafuta maneno. Mkuu wa zamu angeweza kumtaja. Nilimwona akivuta pumzi. Akasema kwamba kampuni ndiyo iliyoyafuta, na yeye ni mtu wa kampuni, na aliyajua, na alipokataliwa hakuja hapa siku ile kuwaambia, ndiyo maana amekuja leo. Akasema hatakaa aone mtu aliyeuliza anafukuzwa kwa sababu ya watu wasiopenda kusoma mistari minne.

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwenyekiti aliwatuliza kwa shida. Mwishowe aliwasilisha neno lao: fidia wameipokea, lakini ushirika utabaki na sisi kwa sharti kwamba maneno yale yarudishwe na yule mfanyakazi arudishwe, na mkurugenzi akubali hapo hapo. Mkurugenzi akasimama. Alikuwa amebadilika rangi. Akasema amekubali. Najua wapo wanaosema alilazimishwa, na ni kweli, lakini nilimwona pia akienda kumshika mkono yule bibi wa kitambaa cha njano, akauinamia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Tulipokuwa tunashuka, mkuu wa zamu alimgonga dereva wake begani asimame. Akashuka, akaenda kando ya shamba la viazi, akatapika. Nilikimbilia na chupa ya maji. Kifuniko kilimshinda, nikamfungulia. Alisukutua, akaosha uso, akakaa kwenye ukingo wa shamba. Aliniambia aliogopa tangu juzi, na kwamba tangu juzi hajala. Nikamuuliza kama bado anaogopa.

"Sana," akasema. "Twende."

Papa Furaha alirudi kazini. Maelezo yalirudi, mistari yote minne, na katika zana nyingine pia. Lakini ukuu wa zamu alivuliwa. Hawakumwandikia sababu, walisema ni mabadiliko ya kawaida. Walimpa meza kwenye chumba cha nyuma, pamoja na maboksi ya vipimo vilivyoharibika, akawa anafanya kazi ya kuvihesabu. Tulidhani ataacha. Shemeji yake, mwenye duka sokoni, alikuja kumwambia aache, mtu wa umri wake hawezi kukaa stoo kama adhabu. Alimjibu kwamba mwenye aibu ndiye aondoke, na yeye hana. Alikuja kila siku, amevaa vizuri kuliko zamani, akapita katikati ya chumba chetu, akatusalimia mmoja mmoja. Sisi tuliendelea kumwita mkuu wa zamu. Aliyepewa cheo chake naye alimwita hivyo hivyo.

Na kila mtu aliyepata shida na maelezo ya zana alikwenda kule nyuma kwenye maboksi. Papa Furaha ndiye aliyekwenda mara nyingi. Nilipita siku moja nikawakuta wamekaa juu ya maboksi, wanabishana juu ya neno "sasa", kama ni dakika hii au ni siku hizi, na Papa Furaha anacheka mpaka anajifuta macho. Mkataba wa mkuu wa zamu ulipoisha hawakuuongeza. Aliondoka na mkoba wake tu. Alikataa keki ya kumuaga.

Baada ya hapo nilimwona kwa nadra, harusini au msibani. Nilisikia anafundisha mafundi wa hospitali kuandika maagizo ya mitambo yao, kisha nikasikia ameacha kwa sababu ya macho.

Mwaka huu kampuni imekuwa kubwa. Ina ofisi Kigali, na mkurugenzi ni yule yule, nywele zimekuwa nyeupe. Namna ile ya kuandika maelezo, ya kusema zana inafanya nini na haifanyi nini na ikinyamaza maana yake nini, sasa inaitwa njia yetu, na wageni wanakuja kujifunza. Mkurugenzi aliandaa sherehe hotelini, akaniita, akasema ni wakati wa kumshukuru mama yule. Aje, apewe zawadi, aseme maneno machache, apigwe picha. Akanituma mimi kwa sababu tulikuwa tukielewana.

Nikaenda Nengo Ijumaa. Mume wake alinifungulia, akaomba radhi kwamba anawahi msikitini. Mkuu wa zamu alikuwa amekaa sebuleni, simu sikioni ikimsomea habari kwa sauti, amekonda, na alinigeuzia uso upande ambao sikuwapo. Nilimsalimu, akanijua kwa sauti, akanishika mkono akauweka kati ya mikono yake. Alimuulizia kila mtu kwa jina. Tukanywa chai ya tangawizi. Nikampa ujumbe.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Atawaeleza wageni habari ya Nyakiriba?"

Nikamwambia ratiba nimeiona, na haimo.

"Papa Furaha amealikwa?"

Nikakoroga tena chai yangu, akaelewa. Aliweka kikombe chini kwa kupapasa ukingo wa meza.

"Basi mwambie nimekataa."

Mimi nimelelewa kutomvunja mkubwa uso. Nikamwambia, mama, labda niseme hali yako si nzuri, macho yanasumbua, watu wataelewa na hakuna atakayeumia.

"Usinisingizie ugonjwa," akasema. "Macho yangu ni mabovu. Na yeye nimemkataa. Ni mambo mawili, usiyachanganye."

Hakusema kwa hasira. Akaniuliza kama mke wangu ameshajifungua, nikamwambia bado, akasema tutakapopata mtoto nimletee amshike, maana kushika bado anaweza. Alinisindikiza mpaka mlangoni, mkono ukutani, akasimama hapo mpaka pikipiki ikawaka.

Jumatatu mkurugenzi alikuwa na wageni wawili mezani na mtu wa kupiga picha. Aliponiona alinyanyuka nusu.

"Anakuja?"

"Hapana."

"Ni yale macho," akawaambia wageni kwa huruma, na wao wakatikisa vichwa. "Masikini. Nilisikia anaumwa."

Ingekuwa rahisi. Wageni walikuwa wameshaanza kuangalia karatasi nyingine.

"Macho yanamsumbua, ndiyo," nikasema. "Lakini siyo sababu. Amekataa."

Mpiga picha alishusha kamera. Mkurugenzi alikalia tena kiti chake, na nilidhani ataniambia nitoke.

"Amekataa kwa nini?" akauliza.

Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia kwa nini.